Ukibadili Gari, Badili na Bima

Somo la elimu ya watu wazima lililosomwa katika radio. Wenye vikundi vya kusikiliza wanaombwa wawe na daftari na kalamu. Maswali ya mazungumzo yamewekwa mwisho wa somo.

Somo letu la leo lamhusu kila mwenye gari na kila anayetarajia kuwa nalo. Hata asiye na gari lamhusu, kwa sababu yeye naye hupita barabarani kwa miguu, na magari hayachagui wa kumgonga.

Tutazungumza juu ya bima ya gari, na hasa juu ya swali moja tu. Mtu ana bima ya mwaka mzima. Kabla ya mwaka kwisha, anauza gari lake na kununua jingine. Je, bima ile inakuwaje?

Jibu linalosikika mara nyingi katika maduka ya Kariakoo ni hili: "Bima yangu bado ina miezi mitano, basi mimi nina bima." Wasikilizaji, jibu hilo si sahihi. Ni kweli kwamba miezi mitano imebaki. Lakini ni miezi mitano ya bima ya nini, na ya nani? Tukilijibu swali hilo barabara, mengine yote yatakuwa mepesi.

BIMA NI NINI

Kwanza tukumbushane maneno. Bima ni mapatano baina ya pande mbili. Upande mmoja ni mwenye gari, naye hulipa fedha ziitwazo ada. Upande wa pili ni kampuni ya bima, nayo huahidi kulipa fidia hasara iliyotajwa katika mapatano ikitokea. Mapatano hayo huandikwa katika hati, na hati hiyo ndiyo mkataba.

Bima za magari zilizo za kawaida ni mbili. Bima ndogo huwalinda watu wengine, yaani wale watakaopata madhara kwa sababu ya gari lako. Bima kubwa huwalinda hao hao, tena hulinda na gari lako mwenyewe likigongwa, likiungua au likiibwa.

Kuwalinda watu wengine si hiari. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza mtu kuendesha gari barabarani bila bima hiyo, au kumruhusu mwingine aliendeshe. Uingereza iliweka amri ya namna hiyo mwaka 1930. Sababu yake ilikuwa wazi. Watu waligongwa, wakashinda kesi mahakamani, kisha wasipate hata senti moja, maana aliyewagonga hakuwa na kitu. Kwa hiyo tukisema bima ndogo ni ya kumridhisha askari wa barabarani, tunakosea. Ni ya yule mama aliyebeba kapu la nyanya, na ya yule kijana anayesukuma mkokoteni.

MFANO WA BWANA FULANI

Sasa tuchukue mfano. Ni mfano tu wa kujifunzia, lakini mambo yake si mageni katika mitaa yetu.

Bwana Fulani anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Ana gari dogo la mizigo, lile ambalo watu huliita kirikuu. Tarehe 1 Januari alikata bima kubwa ya mwaka mzima, akalipa ada yake yote. Mwezi wa Agosti biashara ikakua, na kirikuu ikawa haitoshi. Akaiuza kwa kijana mmoja wa Gerezani anayeuza vipuri, na siku ile ile akanunua Canter.

Wakati wa kukabidhiana, Bwana Fulani akampa kijana ufunguo na kadi ya gari, akasema, "Bima nayo bado ina uhai mpaka Desemba. Nakuachia, Mungu akubariki." Kijana akashukuru, akaondoka na kirikuu. Bwana Fulani naye akapanda Canter yake, moyoni akisema, "Bima nililipa mimi, jina ni langu, nitakwenda ofisini wiki ijayo kubadilisha namba tu."

Tazameni jambo hili. Watu wawili wanaendesha magari mawili, na kila mmoja anajiona yumo ndani ya bima ile ile moja. Kwa kweli hakuna hata mmoja aliyemo.

Siku ya tatu, jioni, pale Mtaa wa Msimbazi unapokutana na Uhuru, watu wamejaa na mikokoteni inapita. Canter inarudi nyuma, inamgonga msukuma mkokoteni, inamvunja mguu. Mkokoteni wake ndio uliokuwa ukimlipia kodi ya chumba na karo ya watoto. Atalala hospitali, na kwa miezi kadhaa hatasukuma kitu. Nani atalipa?

Kampuni itauliza namba ya gari lililogonga. Ikitazama mkataba itaona kirikuu, haitaona Canter. Itajibu kwamba gari hilo hailijui. Basi deni lote litakuwa juu ya Bwana Fulani mwenyewe, na mahakama ikiamuru alipe, zitauzwa vitenge, itauzwa na hiyo Canter. Na kama mali yake haitoshi, msukuma mkokoteni atabaki na hukumu ya karatasi mkononi na mguu uliovunjika.

Angalieni pia kwamba Bwana Fulani hakuwa mwizi wala mkwepaji. Ada alilipa. Alikosea jambo moja tu, alitanguliza ufunguo akachelewesha karatasi.

KWA NINI BIMA HAIKUMFUATA

Mtu aweza kuuliza, "Kwani fedha si alizilipa? Mbona kampuni inazila bure?" Swali hilo ni la haki, nasi tulijibu.

Mkataba wa bima ya gari umesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni mtu: kampuni inakubali kumwekea dhamana fulani, ikijua ni nani. Ya pili ni gari: lile lililoandikwa kwa namba ya usajili na namba ya chasisi, aina yake, mwaka wake na thamani yake. Ya tatu ni matumizi: gari la nyumbani, la kubeba mizigo ya biashara, au la kubeba abiria kwa nauli. Ada hupimwa kwa mambo hayo matatu. Ukibadili nguzo moja bila kuiambia kampuni, nyumba haisimami.

Kisha ipo kanuni nyingine ya zamani: huwezi kukatia bima kitu ambacho kikiharibika wewe hupati hasara. Mtu hawezi kukata bima ya nyumba ya jirani yake akangoja iungue. Siku Bwana Fulani alipouza kirikuu na kupokea fedha zake, alitoka katika hasara na faida ya kirikuu ile. Ikiungua leo, atakayelia ni kijana wa Gerezani. Kwa hiyo bima iliyosimama juu ya haki ya Bwana Fulani katika kirikuu ilikosa mahali pa kusimama. Na kijana wa Gerezani hakuirithi, maana kampuni haikupata kumkubali. Mkataba wa bima si kama tairi ya akiba, ambayo gari likiuzwa huenda nalo.

Wengine hudhani kwamba bima hufuata namba ya usajili. Katika nchi yetu namba hubaki na gari hata likiuzwa mara kumi. Kwa hiyo ukinunua gari jingine utakuwa na namba nyingine, na namba hiyo haimo katika mkataba wako wa zamani.

KESI MBILI ZA KUKUMBUKA

Sheria zetu za mikataba na bima zina asili moja na zile za Kiingereza, na wanasheria wa Afrika Mashariki huzisoma kesi za huko. Nitawaeleza mbili.

Ya kwanza ni kesi ya Rogerson, iliyoamuliwa mwaka 1931 na Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza. Bwana huyo alikuwa na bima iliyosema kwamba inamlinda pia akitumia gari jingine badala ya gari lililoandikwa. Akalitoa gari lake, akachukua jipya, kisha akapata ajali. Akadai, "Si nilikuwa nikitumia hili badala ya lile?" Majaji wakakataa. Wakasema maneno yale yalikuwa ya mtu ambaye bado analo gari lake la kwanza, na kwa muda tu anatumia jingine. Gari lile lilipoondoka mikononi mwake, bima iliondoka nalo.

Ya pili ni kesi ya Peters, ya mwaka 1938. Mtu aliuza gari, akampa mnunuzi na hati ya bima yake. Mnunuzi akamgonga mtu. Aliyegongwa akaidai kampuni, akashindwa. Mahakama ilisema kwamba bima ni mapatano baina ya watu wanaojuana, na haiwezi kupitishwa mkono kwa mkono bila idhini ya kampuni.

Mnaona, ndugu zangu, kosa la Bwana Fulani na kosa la kijana wa Gerezani yalikwisha kuamuliwa zamani, kila moja na kesi yake.

NINI LA KUFANYA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Andikeni hatua hizi sita.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kuuza, soma mkataba wako, au mwombe anayejua kusoma vizuri akusomee. Tazama unasema nini juu ya kubadili gari na juu ya kuvunja mkataba kabla ya muda. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo wa benki, tazama kama jina la benki limo katika bima. Likiwamo, benki nayo lazima iambiwe na ikubali.

Hatua ya pili. Ijulishe kampuni kwa maandishi kwamba gari namba fulani linauzwa, na taja siku na saa utakayolikabidhi. Weka nakala. Kumwambia wakala kwa mdomo katika kelele za Mtaa wa Sikukuu hakutoshi. Wakala humfanyia kazi kampuni, na dalali wa bima humfanyia kazi mteja. Lakini awe huyu au yule, asiyekuandikia kitu hajakupa kitu.

Hatua ya tatu. Peleka habari za gari jipya: kadi ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, thamani na matumizi yake. Kwa bima kubwa kampuni huweza kutaka kulikagua na kulipiga picha. Sema kweli juu ya matumizi. Gari la nyumbani likianza kubeba abiria kwa nauli, hatari yake ni nyingine na ada yake ni nyingine.

Hatua ya nne. Lipa tofauti ya ada, kama ipo, na uchukue risiti. Shikeni kanuni hii: hakuna ada, hakuna bima. Ahadi ya kulipa Ijumaa haimsaidii mtu aliyegongwa Alhamisi.

Hatua ya tano. Pokea hati ya marekebisho inayolitaja gari jipya, pamoja na stika yake. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na habari zake zimo katika mtandao wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Chukua simu yako, andika namba ya gari, utazame mwenyewe: ni kampuni gani, bima inaanza lini, inaisha lini. Wapo watu waitwao vishoka, huuza karatasi nzuri zenye mihuri mizuri, na nyuma ya karatasi hakuna kitu. Mtandao huo ndio kioo chao.

Hatua ya sita ndiyo ya mwisho: pokea ufunguo wa gari jipya, uendeshe.

Angalieni mpango wenyewe. Ufunguo uko mwisho. Desturi yetu ni kuuweka mwanzo, na hapo ndipo shimo linapochimbwa.

Kama gari jipya limetoka bandarini na bado halina namba, si kisingizio. Bima huweza kuandikwa kwa namba ya chasisi. Likipata namba, rudi uiongeze katika kumbukumbu, ili askari au mtu mwingine akitafuta kwa namba hiyo, bima ionekane.

Na kama unataka kubaki na gari la zamani mpaka lipate mnunuzi, huku unatumia jipya, basi una magari mawili. Magari mawili yanataka bima mbili. Usiseme umehamisha bima kwenda kwenye gari jipya, halafu ukampa mdogo wako lile la zamani aende nalo Buguruni.

HESABU YA ADA

Watu wengi huogopa kwenda ofisini kwa kudhani watalipishwa upya ada yote. Tufanye hesabu. Viwango nitakavyotaja ni vya mfano tu. Kila mmoja aulize kampuni yake. Kodi pia tunaiacha kando ili hesabu iwe nyepesi.

Tuseme kampuni inatoza shilingi 4 kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari. Kirikuu ilikuwa na thamani ya shilingi 12,000,000. Ada ya mwaka ni shilingi 480,000. Canter ina thamani ya shilingi 18,000,000. Ada yake ya mwaka ingekuwa shilingi 720,000.

Bima ilianza tarehe 1 Januari. Bwana Fulani anabadili gari tarehe 8 Agosti. Siku zilizopita ni 219, siku zilizobaki ni 146. Ukigawanya 146 kwa 365 unapata sehemu 4 katika 10 za mwaka.

Sehemu 4 katika 10 za shilingi 480,000 ni shilingi 192,000. Hiyo ndiyo ada ya kirikuu ambayo haijatumika. Sehemu 4 katika 10 za shilingi 720,000 ni shilingi 288,000. Hiyo ndiyo ada ya Canter kwa siku zilizobaki. Toa 192,000 katika 288,000, zinabaki shilingi 96,000. Basi kama kampuni inahesabu siku kwa siku, Bwana Fulani angelipa shilingi 96,000 na kodi yake, akawa salama mpaka tarehe 31 Desemba.

Shilingi 96,000 si ndogo. Lakini iwekeni upande mmoja wa mizani, na upande wa pili wekeni mguu wa msukuma mkokoteni na duka zima la vitenge.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuvunja bima ya zamani na kuanza mpya. Hapo kuwa mwangalifu. Mteja anapovunja mwenyewe, kampuni nyingi hazirudishi fedha siku kwa siku, bali hufuata jedwali la muda mfupi linalokata zaidi. Na katika mikataba mingi, kama ulikwisha kulipwa fidia mwaka ule, hakuna kurudishiwa. Kwa hiyo uliza maswali mawili: "Nikihamisha nitalipa ngapi?" na "Nikivunja nitarudishiwa ngapi?" Kisha uchague.

Kitu kimoja chaweza kukufuata, nacho ni sifa yako. Kama umekaa miaka bila kudai fidia, kampuni nyingi hutoa punguzo. Punguzo hilo ni la mtu, si la bati na magurudumu. Ukihamia kampuni nyingine, omba barua inayoeleza kwamba hukudai kitu.

MAZUNGUMZO OFISINI

Sasa sikilizeni namna ambavyo ingekuwa kama Bwana Fulani angepita kwa wakala asubuhi ile, kabla ya kukabidhi kirikuu.

WAKALA: Shikamoo, mzee.

BWANA FULANI: Marahaba, binti yangu. Nimekuja kidogo tu. Kirikuu naiuza leo, nachukua Canter. Nataka ubadilishe namba.

WAKALA: Sawa, mzee, ila si namba peke yake. Umeshakabidhi ufunguo?

BWANA FULANI: Bado. Mnunuzi ananingoja Gerezani.

WAKALA: Vizuri sana. Mwambie angoje kidogo. Canter utaitumia kwa kazi gani?

BWANA FULANI: Mizigo yangu ya duka. Na pengine kuwakodisha wenzangu siku moja moja.

WAKALA: Hilo la kukodisha tuliandike, mzee, lisije likatugombanisha baadaye. Kadi ya Canter unayo?

BWANA FULANI: Hii hapa. Na yule kijana, bima ya kirikuu si abaki nayo tu? Nimeshamwahidi.

WAKALA: Hapana, mzee. Ada iliyobaki tunaihamishia kwenye Canter, na bima ya kirikuu inafungwa leo. Mwambie aje akate yake kabla hajaliondoa gari. Si mbali, ni hatua chache.

BWANA FULANI: Ataniona mbaya.

WAKALA: Afadhali akuone mbaya leo, mzee, kuliko akulaumu kesho akiwa polisi.

Mmesikia. Mazungumzo hayo hayakuchukua hata nusu saa.

NENO KWA MNUNUZI NA MUUZAJI

Wewe unayenunua gari la mkononi, usinunue pamoja na maneno "bima bado ina uhai". Maneno hayo hupandisha bei ya gari, lakini hayakupi kinga. Kata bima yako kwa jina lako siku ile ile. Nenda pia Mamlaka ya Mapato, TRA, ukabadilishe umiliki. Kadi ikibaki na jina la mtu wa kwanza, utapata taabu kuieleza kampuni kwamba gari ni lako.

Wewe unayeuza, usiseme "nimekwisha pokea fedha zangu". Andikeni mkataba wa mauziano wenye siku na saa, mtie sahihi mbele ya mashahidi. Gari likiua mtu kesho na kadi ina jina lako, mlango wa kwanza kugongwa utakuwa wako.

Wenye malori yanayobeba bidhaa za Kariakoo kwenda Zambia au Kongo, kumbukeni Kadi ya Manjano, ambayo ni bima ya kuvuka mipaka. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa kadi hiyo. Nayo huandikwa kwa gari maalumu. Ukibadili lori, kadi ya lori la zamani haikufikishi popote.

UKIKWAMA

Wazee watakumbuka kwamba tangu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, bima ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake, hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Siku hizi makampuni ni mengi, na muuzaji na mnunuzi huenda wakawa na makampuni tofauti. Ndiyo sababu haifai kusema "wao kwa wao wataelewana".

Kama kampuni imepokea barua yako na ada yako, kisha inakataa kukulipa, usikate tamaa. Ilalamikie kwanza kampuni yenyewe kwa maandishi. Usiporidhika, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambazo zimewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini huko utaulizwa karatasi. Mwenye nakala na risiti ana la kusema. Asiyekuwa nazo atabaki kuapa.

MUHTASARI

Tukusanye tuliyojifunza. Bima ya gari ni ya mtu fulani, kwa gari fulani, kwa matumizi fulani. Gari likiuzwa, bima haimfuati mnunuzi, wala haiendi yenyewe kwenye gari jipya la muuzaji. Ada iliyobaki huweza kuhamishwa kampuni ikikubali kwa maandishi. Kwa hiyo karatasi kwanza, ufunguo baadaye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu wa leo ni zile siku mbili tatu baina ya gari la zamani na gari jipya.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini kijana wa Gerezani hakuwa na bima, hali ada ilikuwa imelipwa mpaka Desemba?

2. Katika hatua sita tulizozitaja, ipi hurukwa zaidi mtaani kwenu, na kwa nini?

3. Mtu alilipa ada ya mwaka shilingi 300,000. Zimebaki siku 73. Kwa hesabu ya siku kwa siku, ada isiyotumika ni kiasi gani? (Jibu: shilingi 60,000.)

4. Kila mwanakikundi mwenye gari, pikipiki au bajaji atazame hati yake ya bima: je, jina, namba na matumizi yaliyoandikwa ndiyo ya leo? Aliyekuta kosa awaeleze wenzake atakwenda lini kulisahihisha.